Nguvu ya Nyumbani, Unyonge wa Ugenini: Somo la Kutafuta Chanzo kutoka Msimu Mmoja wa Mpira wa Kikapu

Utangulizi

Mcheza kwao hutunzwa, husema Waswahili. Methali hii yathibitishwa na michezo ya kila aina duniani: timu inayocheza katika uwanja wake hushinda mara nyingi zaidi kuliko inapokuwa mgeni. Katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, timu mwenyeji kwa miaka mingi imekuwa ikishinda takriban michezo 6 kati ya 10. Hali hiyo ni ya kawaida na haimshangazi mtu. Jambo linalohitaji maelezo ni pale tofauti hiyo inapokua kupita kiasi, hata timu ileile ikaonekana kama timu mbili: moja bingwa nyumbani, nyingine dhaifu ugenini.

Makala hii inachunguza tukio mojawapo la aina hiyo, yaani msimu wa 2022–23 wa timu ya Golden State Warriors ya San Francisco. Lengo lake ni kumfunza msomaji namna mtaalamu wa afya anavyotafuta chanzo cha tatizo: jinsi anavyokusanya dalili, anavyopima kila dhana, na anavyojizuia kutaja chanzo kabla ushahidi haujatosha. Atakayeufahamu mwenendo huu kupitia mpira wa kikapu ataweza kuutumia anapopimwa shinikizo la damu au anaposifiwa dawa mtaani.

Dalili

Golden State iliuanza msimu huo ikiwa bingwa mtetezi. Taji lake lilipatikana tarehe 16 Juni 2022 mjini Boston, katika uwanja wa wapinzani wake, kwa ushindi wa pointi 103 kwa 90. Kwa hiyo hii haikuwa timu isiyojua kushinda ugenini. Katika msimu wa kawaida uliotangulia taji hilo, ilikuwa imeshinda michezo 31 kati ya 41 nyumbani na 22 kati ya 41 ugenini.

Msimu uliofuata ulileta sura tofauti kabisa. Nyumbani timu ilishinda michezo 33 na kupoteza 8, yaani asilimia 80 ya ushindi. Ugenini ilishinda 11 tu na kupoteza 30, yaani asilimia 27. Ilipoteza michezo yote 8 ya mwanzo ya ugenini, na mfululizo huo ukakatika mjini Houston mwezi Novemba. Baadaye ulizuka mfululizo mwingine wa vipigo 11 vya ugenini, nao ukakatikia Houston vilevile, mwezi Machi 2023.

Safari moja yastahili kutazamwa kwa karibu. Kuanzia tarehe 29 Oktoba hadi tarehe 4 Novemba 2022, timu ilicheza Charlotte, Detroit, Miami, Orlando na New Orleans: michezo 5 kwa siku 7, miji 5, na mara mbili ilicheza siku mbili mfululizo. Yote mitano ilipotea. Miongoni mwa walioishinda ilikuwemo Detroit, ambayo ilimaliza msimu ikiwa na ushindi 17 na vipigo 65.

Dalili zimekwisha kuonekana. Swali linalofuata ndilo moyo wa somo hili: chanzo ni nini?

Dhana ya kwanza: safari na saa ya mwili

Mtu anayefikiri kitabibu huelekea kwanza kwenye usingizi. Ndani ya haipothalamasi, sehemu iliyo chini ya ubongo, limo kundi dogo la seli za neva linaloongoza saa ya mwili. Saa hiyo huzunguka kwa muda unaokaribia saa 24, na hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, tezi ya pineali hutoa homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala. Joto la mwili, umakini, nguvu ya misuli na wepesi wa kuitikia hupanda na kushuka kwa kuifuata saa hiyo. Kwa watu wengi, uwezo wa mwili hufikia kilele chake alasiri na mapema jioni.

Marekani bara ina kanda nne za saa. Ndege iwapelekapo wachezaji kutoka San Francisco hadi Boston, saa za ukutani husogea mbele kwa saa tatu papo hapo, ilhali saa ya mwili hubaki ilikokuwa. Mchezo ukianza Boston saa 1:30 usiku, mwili wa mgeni huhesabu kuwa ni saa 10:30 jioni. Kwa mchezo wenyewe hilo si baya, kwa kuwa ni wakati ambao mwili una nguvu. Taabu huja baadaye. Anapojilaza saa 6 usiku, mwili wake wadai kuwa ni saa 3 tu na usingizi hauji. Anapoamshwa saa 2 asubuhi, mwili wadai kuwa ni saa 11 alfajiri. Usingizi huliwa pande zote mbili. Kwa kawaida mwili huhitaji takriban siku moja kuizoea kanda moja ya saa, na safari ya kwenda mashariki husumbua zaidi kuliko ya kwenda magharibi. Timu iliyo mji mmoja kwa saa chache tu haipati nafasi hiyo.

Msomaji atofautishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Mvurugiko wa saa ya mwili hutokana na kuvuka kanda za saa. Uchovu wa safari hutokana na kukaa kitini kwa muda mrefu, kula ovyo, kukosa maji ya kutosha na kulala vibaya, na waweza kumpata mtu hata asipovuka kanda yoyote. Timu ya chuo inayotoka Mbeya kwa basi la usiku kwenda kucheza Dar es Salaam kesho yake haina mvurugiko wa saa ya mwili, lakini huingia uwanjani na uchovu wa safari ulio kamili.

Kwamba usingizi hugusa mchezo si jambo la kubahatisha. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wachezaji 11 wa timu ya kikapu ya wanaume ya chuo hicho. Wachezaji hao walitakiwa kujitahidi kukaa kitandani angalau saa 10 kila usiku kwa wiki 5 hadi 7. Usahihi wa mitupo huru uliongezeka kwa takriban asilimia 9, usahihi wa mitupo ya pointi tatu vilevile, na mbio zao fupi zikawa za kasi zaidi. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi linganishi, kwa hiyo haupaswi kuchukuliwa kuwa neno la mwisho. Hata hivyo, wakubaliana na tafiti nyingi zinazoonyesha kwamba mtu aliyekosa usingizi huitikia mambo kwa kuchelewa. Tafiti nyingine zimeonyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo huweza kufanya kazi kwa kiwango kinacholingana na cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu.

Dhana ya pili: umati, mwamuzi na homoni

Dhana ya pili haihusu ndege bali watu waliojaa uwanjani. Chase Center, uwanja wa Golden State, huchukua watazamaji zaidi ya 18,000. Je, kelele zao zina nguvu gani?

Mwaka 2002, watafiti nchini Uingereza waliwaonyesha waamuzi 40 wa soka picha za mchezo mmoja. Baadhi waliutazama pamoja na sauti ya umati, wengine bila sauti. Waliosikia sauti waliiadhibu timu mwenyeji kwa madhambi machache zaidi. Mwamuzi hakuwa na nia ya kupendelea. Akili yake ilitumia kelele kama kidokezo pale macho yalipokuwa na shaka. Uchunguzi mwingine wa wachezaji wa soka, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuta kiwango cha homoni ya testosteroni kikiwa juu zaidi kabla ya mchezo wa nyumbani kuliko kabla ya mchezo wa ugenini, jambo lililofananishwa na silika ya mnyama anayelinda makao yake.

Janga la UVIKO-19 lilileta jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Katika msimu wa 2020–21, michezo mingi ya NBA ilichezwa bila watazamaji au mbele ya wachache. Faida ya nyumbani ilipungua, lakini haikutoweka. Umati, basi, ni sehemu ya maelezo. Si maelezo yote.

Kipimo: jirani wa Sacramento

Kufikia hapa, msomaji anaweza kushawishika kuhitimisha kwamba Golden State iliangushwa na safari ndefu, usingizi haba na kelele za wenyeji. Hoja hiyo inapendeza, na kila kipande chake kina ukweli. Lakini utabibu haukubali dhana kwa sababu inapendeza. Huuliza: je, mwingine aliyepatwa na kisababishi hichohicho aliugua ugonjwa huohuo?

Takriban kilomita 140 kutoka San Francisco uko mji wa Sacramento, makao ya timu ya Kings. Timu hizo mbili zimo katika kanda moja ya saa, katika ligi moja na katika kundi moja la ratiba. Zote huvuka kanda tatu kwenda Boston au Miami, zote hupanda ndege usiku, na zote huzomewa na umati uleule. Katika msimu uleule wa 2022–23, Sacramento ilishinda michezo 23 kati ya 41 nyumbani na 25 kati ya 41 ugenini. Jirani huyu, aliyekula chakula kilekile, hakuugua. Hata ugenini alicheza vizuri kidogo kuliko nyumbani.

Hii ndiyo kazi ya kundi linganishi. Haimaanishi kwamba safari haichoshi, kwa maana huchosha. Inamaanisha kwamba safari peke yake haiwezi kueleza kwa nini timu moja ilidhoofika kiasi hicho.

Dhana ya tatu: mambo ya ndani ya timu

Dhana nyingi zilielekezwa ndani ya kikosi. Mnamo Oktoba 2022, Draymond Green alimpiga ngumi mchezaji mwenzake Jordan Poole mazoezini, na picha za tukio hilo zikaenea. Stephen Curry aliumia bega mwezi Desemba na mguu mwezi Februari, akacheza michezo 56 tu kati ya 82. Andrew Wiggins hakucheza kwa karibu miezi miwili kwa sababu za kifamilia. Benchi lilikuwa na vijana wasio na uzoefu, na ulinzi wa timu ulidorora zaidi ugenini kuliko nyumbani.

Kila jambo kati ya hayo lapaswa kupitia swali moja: je, linaeleza kupoteza, au linaeleza tofauti kati ya nyumbani na ugenini? Mzozo wa wachezaji haubaki nyuma timu inaporudi San Francisco. Curry alipoumia alikosekana pande zote mbili. Sababu hizi zaweza kueleza kwa nini bingwa alimaliza na ushindi 44 badala ya 53 wa mwaka uliotangulia. Haziwezi kirahisi kueleza kwa nini kikosi hichohicho kiling'ara Jumatatu nyumbani na kufifia Jumatano ugenini. Suala la vijana na ulinzi lina uzito zaidi, kwa kuwa inawezekana mchezaji asiye na uzoefu akategemea zaidi moyo anaopewa na umati wake. Hata hilo, hata hivyo, lilisalia kuwa dhana.

Kosa la kuchanganya maswali hayo mawili huonekana pia hospitalini. Mgonjwa anayekohoa usiku tu aweza kuwa anavuta sigara, lakini kwa kuwa huvuta mchana kutwa, sigara peke yake haitoshi kueleza kwa nini kikohozi huchagua usiku. Daktari atauliza pia juu ya pumu, na juu ya asidi ya tumbo inayopanda mtu alalapo.

Dhana ya nne: bahati

Dhana inayosahaulika zaidi ni bahati. Golden State ilishinda asilimia 54 ya michezo yake yote. Kama mahali pa kuchezea pasingekuwa na athari yoyote, ingetarajiwa kushinda takriban 22 kati ya 41 ugenini, na bahati ya kawaida ingeweza kuisogeza idadi hiyo hadi 16 au 28. Tukiongeza faida ya kawaida ya nyumbani, matarajio ya ugenini hushuka hadi 19 hivi, na bahati yaweza kuyashusha hadi 13. Ushindi 11 uko chini ya mpaka huo, lakini hauko mbali nao. Ligi ina timu 30, na misimu ni mingi. Watu wengi wakirusha sarafu kwa miaka mingi, mmoja wao atapata matokeo ya ajabu, na huyo ndiye atakayeandikwa magazetini.

Bahati haielezi kila kitu. Lakini ikiwa imechangia sehemu kubwa, tunaweza kutabiri jambo: msimu unaofuata, tofauti hiyo ya kupindukia itapungua yenyewe. Wataalamu wa takwimu hukuita huku kurejea kwenye wastani. Mabaharia wa pwani walikwisha kulisema kwa lugha yao: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Msimu wa 2023–24 ulitoa jibu. Golden State ilishinda michezo 25 kati ya 41 ugenini. Unyonge ulitoweka. Ingekuwa rahisi kuwasifu waliofanya mabadiliko, kwani Poole alikuwa amepelekwa Washington na mkongwe Chris Paul ameletwa. Lakini tazama upande wa pili: nyumbani timu ilishuka kutoka ushindi 33 hadi 21. Jumla ya ushindi ilikuwa 46, karibu sawa na 44 za mwaka uliotangulia. Ubora wa timu haukubadilika sana. Kilichobadilika ni mgawanyo. Kama dawa fulani iliponya ugenini, dawa hiyohiyo ilipaswa kueleza kwa nini nyumbani kulidhoofika. Kurejea kwenye wastani hueleza yote mawili kwa pamoja.

Fundisho kwa afya ya kila siku

Mambo ya mwili nayo hupanda na kushuka. Mtu huenda kutafuta dawa siku ambayo maumivu ya mgongo yamefikia kilele. Baada ya wiki maumivu yamepungua, kama ambavyo huenda yangepungua bila dawa, na sifa zote hupewa mafuta aliyopakwa. Mtu mwingine hupimwa shinikizo la damu mara moja akiwa na hofu na uchovu, akakutwa juu. Siku ya pili yuko chini, akaamini kwamba kinywaji alichouziwa barabarani kimemponya. Ndiyo maana, isipokuwa kiwango kikiwa cha hatari, wahudumu wa afya hupima shinikizo la damu zaidi ya mara moja kabla ya kutaja ugonjwa, na ndiyo maana dawa hujaribiwa kwa kulinganisha waliopewa na wasiopewa. Kinyume chake ni hatari vilevile: mgonjwa wa shinikizo la damu anayetumia dawa na kuona vipimo vizuri asiziache kwa kudhani amepona, kwa kuwa huenda vipimo ni vizuri kwa sababu ya dawa hizo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kungoja hali irejee kwenye wastani si tiba ya dalili za hatari. Degedege, kupumua kwa shida, kupoteza fahamu, maumivu makali ya kifua au damu nyingi huhitaji kituo cha afya mara moja, pasipo kungoja.

Kinachoweza kurekebishwa

Chanzo kikiwa na sehemu nyingi, busara ni kuishughulikia sehemu inayofikika. Kwa timu yoyote inayosafiri, kubwa au ndogo, sehemu hiyo ni usingizi na maandalizi:

1. Lala vya kutosha kwa siku kadhaa kabla ya safari. Mtu mzima huhitaji angalau saa 7, na mwanamichezo mara nyingi zaidi ya hapo.

2. Pale uwezo unaporuhusu, fika siku moja kabla ya mchezo badala ya kushuka kwenye basi na kuingia uwanjani.

3. Anayevuka kanda za saa apate mwanga wa jua mapema kwa kufuata saa za mji alikofikia, na apunguze mwanga wa simu usiku.

4. Epuka kahawa na vinywaji vyenye kafeini kuanzia alasiri, kwa kuwa nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini kwa takriban saa 5.

5. Kunywa maji ya kutosha, na unyooshe miguu kila inapowezekana njiani.

6. Usitumie dawa za usingizi wala melatonini bila ushauri wa daktari.

Hatua hizi hazimhakikishii mtu ushindi ugenini. Humpunguzia mzigo ambao hakuhitaji kuubeba.

Hitimisho

Golden State haikuwa na ugonjwa mmoja wenye jina moja. Safari iliichosha, umati uliwatia nguvu wapinzani wake, majeraha yaliipunguza, vijana wake walisita, na bahati ikayakuza yote hayo hadi yakaonekana kama laana. Aliyeshika sababu moja na kuziacha nyingine alikuwa na sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo yaweza kumpotosha kuliko kutojua kabisa. Ni vivyo hivyo kitandani mwa mgonjwa. Kabla ya kutaja chanzo, uliza kama kinaeleza tofauti yenyewe; kabla ya kuisifu dawa, tazama jirani ambaye hakuinywa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya mvurugiko wa saa ya mwili na uchovu wa safari, na utoe mfano wa kila kimoja kutoka mazingira yako.

2. Rekodi ya Sacramento ya msimu wa 2022–23 inatufundisha nini kuhusu dhana ya safari? Ni jambo gani haiwezi kulithibitisha?

3. Kwa nini kuumia kwa Curry hakutoshi kueleza tofauti kati ya matokeo ya nyumbani na ya ugenini?

4. Jirani yako anasema maumivu ya goti lake yalipungua wiki moja baada ya kutumia dawa mpya ya kupaka. Ungemuuliza maswali gani kabla ya kukubali kwamba dawa ndiyo iliyomsaidia?